Manyunyu ya Baraka

Mama yangu alianika ndagala kwenye mchanga wa Baraka, mji wetu wa ufukweni, na mimi nilikulia pembeni ya kazi hiyo. Ndagala ni samaki wadogo wa ziwa letu, hawazidi kidole cha mtu. Wavuvi waliwaleta alfajiri, wamama waliwanunua palepale ufukweni na kuwamwaga juu ya mchanga, na jua likiwa kali walikauka siku hiyohiyo. Lakini matone machache yakiwapata kabla hawajakauka, walilainika, wakageuka wekundu, na kesho yake hata bata hakuwataka.

Kwa hiyo mvua kubwa haikuwa adui yetu. Mvua kubwa ina upepo mbele yake, ina ngurumo, unaiona ikitoka mbali na unapata nafasi ya kukusanya vitu vyako. Tuliogopa ile nyepesi, isiyo na sauti, inayokuja wakati jua bado liko. Ukitazama ng'ambo ya ghuba, milima ya Ubwari inakuwa kama unaiona kupitia wavu. Hapo mama mmoja angesimama na kupiga kelele:

"Manyunyu! Bamama, manyunyu iko nakuya!"

Na ufuko wote ungekimbia. Wamama wenye mimba walikimbia, vikongwe walikimbia, kila mmoja na ufagio na beseni lake, wakizoa samaki pamoja na mchanga, wakigombana, wakicheka, wakisingiziana kwamba fulani amezoa fungu la mwenzake. Mara nyingine manyunyu yalipita bila kutufikia, tukaanza kuanika upya. Mara nyingine yalitupata katikati. Mama aliyachukia kama mtu anavyomchukia jirani.

Nyumbani neno hilohilo lilifanya kazi nyingine. Mtoto aliyelia polepole bila kunyamaza, mama alisema huyu analia manyunyu, bora angelia mara moja yaishe. Mgeni asiyeaga, anayesema naenda, naenda, huku amekaa, alikuwa mgeni wa manyunyu. Siku ya Pasaka padri alipopita katikati ya viti akiturushia maji ya baraka, mama alinivuta mbele ili nami nipate manyunyu yangu, kwa sababu yale tu ndiyo aliyapenda. Na mtu mwenye habari ambaye anaitoa kidogokidogo, kwa woga au kwa kupenda kuulizwa, aliambiwa: usituletee manyunyu, leta mvua.

Mama hakuwa mtu wa kukaa. Alikula akisimama. Alisali akitembea, rozari mkononi, kutoka mlangoni mpaka jikoni. Baba yangu alikuwa amekufa ziwani nikiwa mdogo sana, upepo uliwapindua yeye na wenzake, na tangu siku hiyo mama alifanya kazi ya ziwa bila kuingia ziwani. Hakupanda mtumbwi hata kwenda Ubwari, ambako alikuwa na ndugu. Alinunua samaki miguu ikiwa mchangani. Maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu alirudi nyuma, na wavuvi walilijua hilo, wakamletea beseni mpaka alipo.

Mimi nilirithi miguu yake isiyotulia. Niliolewa kanisani Baraka, nikazaa binti, na binti alipoanza kutambaa mume wangu alikwenda Misisi kuchimba dhahabu, kama vijana wengi wa kwetu. Alisema atarudi kabla ya Krismasi. Nilirudi kukaa kwa mama, na sisi watatu tukawa tunalala chumba kimoja, mama akigeuka upande huu, mimi upande ule, mtoto katikati akitupiga mateke.

Vita ilitufikia kwanza kama maneno. Watu wa Uvira walianza kupita kwenye barabara kubwa na magodoro vichwani. Wengine walikwenda moja kwa moja kusini, wengine walipumzika shuleni, wakapika sombe, yale majani ya muhogo, wakaendelea. Wamama wa Minembwe, waliokuwa wakishuka na siagi na maziwa ya mgando kubadilishana na ndagala zetu, hawakushuka tena. Mama alikuwa na mmoja wao aliyezoeana naye miaka mingi, na kila siku ya soko alimtafuta kwa macho kwenye njia ya mlimani, kisha akauliza watu, na watu wakamwambia nyamaza, wakati huu siyo wa kuuliza habari za watu wa kule juu, sasa wanahesabiwa adui. Alinyamaza sokoni. Nyumbani aliendelea kuuliza.

Halafu tukaanza kusikia milio. Ilitoka mbali, upande wa Mboko, mmoja mmoja, kama mtu anayepasua kuni. Siku ya kwanza niliinuka na kumfunga mtoto mgongoni.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Ni manyunyu tu."

"Manyunyu gani? Ile ni bunduki."

"Bunduki ya mbali ni manyunyu. Ikikuya kwa nguvu nitakuambia. Shusha mutoto."

Sijui kama yeye ndiye aliyeanza kulisema hivyo. Baada ya siku chache mtaa wote ulisema. Milio michache ilikuwa manyunyu, mapigano yenyewe yalikuwa mvua. Watu walisalimiana asubuhi: kwenu ilinyesha? Kwetu manyunyu tu. Nadhani tulilipenda neno hilo kwa sababu lilituruhusu kubaki. Mtu hahami nyumba yake kwa ajili ya manyunyu. Anasogeza kiti ndani, anangoja.

Lakini mimi sikuweza kungoja. Nilifunga mzigo: vikwembe viwili vya kujifunga, sufuria, chumvi, shati la mume wangu. Mama aliona, akaufungua ili kutoa sufuria apikie. Nikafunga tena. Jioni akafungua tena. Hatukugombana kwa maneno, tuligombana kwa fundo la mzigo ule. Usiku nilihesabu milango ya majirani ambayo haikufunguliwa tena mchana, na asubuhi nilikwenda ufukweni kumsaidia kuanika, macho yangu yakiwa barabarani.

Siku yenyewe ilikuwa na jua zuri kabisa. Nakumbuka kwa sababu mama alilisifu. Ndagala walikuwa wameshika rangi ya fedha, saa chache tu wangekuwa tayari. Nilikuwa nimeketi na mtoto chini ya kivuli cha mtumbwi uliopinduliwa. Ghafla mama mmoja, upande wa juu karibu na barabara, akapiga kelele:

"Manyunyu! Manyunyu!"

Wamama wote waliinua vichwa na kutazama Ubwari. Milima ilikuwa safi, unaona mpaka mashamba ya watu. Hakuna wingu. Tulibaki tumesimama hivyo, nyuso juu, kwa muda ambao mpaka leo unanitisha nikiukumbuka, kwa sababu yule mama alikuwa anatuambia tukimbie na sisi tulikuwa tunatafuta mvua. Wengine waliinamia mafagio na kuanza kuzoa. Mama yangu alikuwa mmoja wao.

"Mama, acha samaki! Ni basoda!" nilipiga kelele, kwa kuwa niliona askari barabarani.

"Naona! Leta beseni!"

"Mama!"

"Ndagala ya leo yote hii, nimuachie nani?"

Alizoa kwa haraka, bila kutazama nyuma. Mimi niliona kwanza maji. Karibu na mitumbwi, pale watoto wanapoogelea, uso wa ziwa ulianza kuruka vitone vidogovidogo, vikifuatana kwa mstari kuja upande wetu, na sauti ya risasi ikafika baadaye. Mama naye akaviona. Akatupa ufagio, akaninyang'anya mtoto mikononi kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nachelewesha, na akakimbia mbele yangu. Sikuwahi kujua kwamba mama yangu anaweza kukimbia hivyo. Mzigo nilioufunga na kuufunga tena ulibaki nyumbani.

Tulikimbia kusini pamoja na watu wengi, kisha tukashika njia ya kuzunguka ghuba. Tulitembea mpaka tukafika upande wa pili wa Ubwari, ule unaotazama Tanzania. Ndugu za mama walitupa kona ya jiko lao. Huko palikuwa na mtu mwenye mtumbwi mkubwa wa injini, ambaye zamani alikuwa akipeleka mafuta ya mawese Kigoma, na sasa alikuwa anapeleka watu. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto. Watu walimzunguka kila asubuhi wakimwuliza tunaondoka lini.

"Tunaondoka manyunyu ikikuya," alisema.

"Mbona leo jua ni zuri, ziwa limetulia?"

"Jua itatuonyesha. Wale basoda wako na boti yenye mbio, wakituona katikati wanapiga. Mvua kubwa itatuzamisha. Mi nataka manyunyu. Manyunyu ikinyesha wao wanaingia chini ya manyumba, na hata wakitoka hawaone kitu."

Basi tukaanza kungoja kile tulichokuwa tukikilaani maisha yetu yote. Na hakikuja. Ulikuwa wakati wa mvua kuanza, lakini mbingu ilituchezea. Ilinyesha mvua kubwa mara moja, ikabomoa ukuta wa jiko, kesho yake jua likawaka kama hakuna kilichotokea. Kila asubuhi nilitoka kabla watu hawajaamka, nikatazama ziwani, nikarudi, nikatoka tena. Mtoto alianza kukohoa. Watu waliofika kutoka Baraka walisema nyumba zinavunjwa, wengine walisema hapana, kumetulia, rudini. Ukisikiliza wa kwanza unataka kuogelea mpaka Kigoma, ukisikiliza wa pili unatamani kurudi kuchukua sufuria yako. Mama alizunguka kijiji, akitazama jua.

"Jua kama hii," aliniambia, "na hakuna hata ndagala moja ya kuanika." Alikuwa na hasira ya kweli, kama mtu anayeona chakula kinamwagwa.

Hakuzungumza kuhusu mtumbwi. Mimi nami sikuuliza. Nilijua anaogopa, lakini nilifikiri hofu mpya itaishinda ya zamani.

Asubuhi moja niliamshwa na ubaridi usoni. Nilitoka nje, na ng'ambo ya maji hakukuwa na kitu, weupe tu, na matone yaliyokuwa yanashuka yalikuwa membamba hata huwezi kusema yananyesha. Yalikaa kwenye nywele bila kuzilowesha. Mwenye mtumbwi alikuwa tayari anawasha injini. Hakuna aliyepiga kelele. Watu walishuka ufukweni kimya, wameziba midomo ya watoto.

Niliingia majini mpaka mapajani, nikapanda. Mama alinikabidhi mtoto, akanikabidhi kikwembe, akanikabidhi kifuko cha unga ambacho ndugu zake walitupa. Maji yalikuwa kwenye vifundo vyake. Kisha akarudi nyuma.

"Mama, panda."

"Mi naenda Misisi."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Unaenda wapi?"

"Kumwambia bwana yako. Akirudi Baraka akute nyumba iko wazi, atasema mulikufa. Nani atamwambia muko wapi?"

"Atasikia kwa bantu, Mama! Misisi ni mbali, barabara yote iko na basoda."

"Niko na miguu."

"Mama, ni ziwa unaogopa. Shika mukono wangu. Fumba macho."

Mwenye mtumbwi alimwuliza kwa upole, "Mama, unapanda ao haupandi?"

"Sipandi. Sukuma."

Walisukuma. Niliinuka, watu wakanivuta chini kwa kuwa mtumbwi uliyumba. Nikamwita, na mwanamume mmoja akaniziba mdomo kwa kiganja chake, kwa sababu sauti husafiri juu ya maji. Mama alisimama pale bila kujifunika kichwa. Manyunyu yalimfanya mweupe, kisha hafifu, kisha nikawa sijui kama namwona yeye au nguzo ya kufungia mitumbwi.

Kuvuka kwenyewe sina mengi ya kusema. Tuliisikia boti moja mbali, injini yetu ikazimwa, tukaelea. Mtu alikuwa akisali kwa kunong'ona. Mtoto wangu alilamba maji kwenye mkono wangu. Boti ikaenda zake. Tulipofika upande wa Kigoma manyunyu yalikuwa yamekoma, na wote tulikuwa tumelowa kama waliotolewa ziwani.

Kambi ilikuwa mbali na maji, kwenye udongo mwekundu na miti mifupi. Tulipewa turubai na miti ya kujengea. Kiswahili hiki ninachoandika nilikipata huko. Kile nilichozaliwa nacho Watanzania walikicheka, bila ubaya, na watoto wetu wakakiacha haraka. Kulikuwa na maneno mengi ya kujifunza upya, na moja kati yake lilitupata vibaya.

Tulikuwa kwenye mstari wa chakula. Kijana wa Kitanzania aliyesimamia ugawaji alikuwa na kipaza sauti cha mkononi, na alikuwa mtu mwema, mwenye kujali. Aliona wingu, akafikiria unga wetu. Akasema kwa sauti kubwa:

"Akina mama, funikeni unga! Rasharasha inakuja! Rasharasha!"

Sisi neno hilo hatukuwa nalo. Tulikuwa na la karibu yake, rashasha, ile bunduki inayomwaga risasi bila kupumzika, neno tulilolisikia kwa wafanyabiashara wa Kigoma na baadaye kwa kila mtu. Mstari mzima ulilala chini. Mama aliyekuwa mbele yangu alimfunika mwanawe kwa mwili wake. Wengine walikimbia kuelekea msituni, unga ukabaki umemwagika, mwekundu kwa vumbi. Mimi nilijikuta nyuma ya vyoo, mtoto kifuani, nimelipita hata shimo la takataka bila kuliona. Kisha nikahisi matone kwenye shingo. Madogo, mepesi, ya kawaida kabisa.

Watu walianza kuinuka. Kulikuwa na waliocheka, kicheko kile cha kutetemeka, na kulikuwa na wengine walioketi palepale wakalia. Yule kijana alisimama na kipaza sauti chake, hajui amefanya nini.

"Jamani, kuna nini? Nimesema mvua tu."

Mzee mmoja wa kwetu alimwendea akamweleza. Kijana alisikiliza, akavua kofia. Alikuja kuwasaidia wamama kuzoa unga kwa mikono yake, na tangu siku hiyo, kila wingu lilipoonekana, alisema "mvua ndogo, mvua ndogo", polepole, kama anaongea na mgonjwa.

Mimi nilikuwa na kazi yangu moja. Kila lori la wakimbizi wapya lilipofika nilikwenda kulitazama. Niliacha chungu jikoni, niliacha foleni ya maji, nilitoka katikati ya misa. Niliwauliza watu wa Ubwari, watu wa Fizi, watu wa Misisi. Wa Ubwari walisema aliondoka kwa miguu siku ileile. Mtu mmoja wa Fizi alisema alimwona kwenye soko la huko juu akiuliza njia. Baada ya hapo hakuna aliyejua lolote. Majirani waliniambia keti, ukiketi habari itakukuta. Niliketi, nikainuka. Mume wangu nilimfikiria pia, lakini kwa namna nyingine, kama mtu ambaye mama ameshamshughulikia.

Mama alifika mchana, msimu mwingine wa mvua ulipokuwa unaisha. Nilikuwa natoka bombani, ndoo kichwani, binti akinifuata kwa miguu yake. Watu waliokuwa wanashuka kwenye lori walikuwa na vumbi hadi kope. Niliitambua kwanza sauti, ilikuwa inamkaripia dereva kwa mwendo wake. Nikaitua ndoo, ikapinduka.

Mama alinitazama, akamtazama mtoto kuanzia kichwani mpaka chini.

"Huyu mutoto mbona hana viatu?"

Nilimkumbatia, akaniacha nimkumbatie, mifupa yake yote naihisi. Nilicheka na kulia. Ndipo nikatambua jambo lililonifanya nirudi nyuma nimwangalie.

"Mama, ulivuka aje?"

"Kwa boti. Kwani bantu banavuka aje?"

Siku zile za kwanza alikula, akalala, akagombana na majirani kuhusu mfereji wa maji machafu. Nilimwuliza habari za Misisi. "Misisi ni mbali," alisema, na kwenda kutafuta kuni. Kesho yake nikauliza tena. "Nilimukuta. Iko muzima." Nilimshukuru Mungu kwa sauti, mama hakuitikia. Siku nyingine, tunachambua maharage, akasema bila kuulizwa, "Amejenga."

"Amejenga wapi? Misisi?"

"Nyumba ya mabati."

Akaendelea na maharage. Vidole vyangu vikawa vinatupa maharage mazuri na kubakiza mabovu.

"Mama, usininyunyizie. Wewe mwenyewe ulinifundisha. Leta mvua."

Alisukuma ungo pembeni. Akaniambia yote, kwa mpigo, akitazama mlango. Alitembea kupitia Fizi, akalala makanisani, mahali pengine miezi mizima akingoja barabara itulie, mara mbili alijificha porini. Alifika Misisi miguu imepasuka. Akaelekezwa nyumba. Mlango ulifunguliwa na msichana mwenye mimba kubwa. Mume wangu alikuja kutoka shimoni, tope mpaka kifuani, akamwona mama yangu ameketi kwenye kiti chake, akapiga magoti. Alisema alisikia Baraka yote imekufa. Alilia. Mama alimwambia: "Mutoto wako iko muzima, mama yake iko muzima, wako Tanzania." Akanywa maji, akatoka. Yule msichana alimkimbilia njiani akampa viatu vyake vya plastiki, na ndivyo alivyokuwa amevivaa hapo mbele yangu.

"Mbona hukutuma muntu aniambie?" niliuliza. "Bantu wengi walitoka kule."

"Maneno kama hii huwezi kuisikia kwa muntu wa njiani."

"Kwa hiyo ulipanda boti."

"Nilipanda."

"Uliogopa?"

"Nilifumba macho kule, nikafumbua huku. Bantu walisema nilipiga kelele. Mi sikujisikia."

Niliinuka nikatoka. Nilizunguka kambi yote, nikapita sehemu ambazo sikuwahi kufika, watu wakinisalimia na mimi sijibu. Nilikuwa na hasira na mume wangu, na yule msichana, na huruma yake ya viatu. Nilikuwa na hasira na mama kwa kuniletea habari, na wakati huohuo nilimwona ndani ya boti, macho yamefungwa, anapiga kelele katikati ya lile ziwa lililommeza baba. Sikujua niweke wapi mambo hayo yote. Niliporudi alikuwa amepika. Tulikula, mara hii sote tumesimama.

Vita ya pili ilikuja tukiwa bado kule, tukaisikia redioni. Mama hakuweza kuipenda kambi. Kila mkutano wa kuzungumzia kurudi, alikuwa mbele. Alikwenda kuwauliza wageni hali ya barabara ya Fizi, bei ya chumvi Baraka, kama ndagala wanapatikana. Binti alikua, akaanza shule, akawa anamsahihisha bibi yake Kiswahili, na bibi anamfukuza jikoni. Hatimaye ilisemwa wanaotaka kurudi wajiandikishe. Tulivuka kwa meli, mchana, pamoja na magodoro na kuku. Mama aliketi katikati kabisa, mbali na ukingo, macho wazi, akimshika binti yangu kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

Nyumba yetu haikuwa na paa, na ndani ya chumba chetu mtu alikuwa amepanda muhogo. Tulimwacha avune, kisha tukaezeka. Mama alirudi kwenye samaki. Mimi nilipata kazi ya kufundisha watoto wadogo, kazi ya kusimama, inayonifaa.

Mume wangu alikuja siku moja ya Jumamosi, kwa pikipiki kutoka Misisi, amevaa suruali nzuri yenye vumbi. Alikuwa amezeeka kuliko mimi. Binti yangu alitoka kumpokea bila kujua ni nani, akapiga goti kidogo kama walivyofundishwa shuleni kambini.

"Shikamoo."

Kwetu salamu hiyo haitumiki. Alimtazama mtoto, akatazama kwangu, hakujua jibu lake.

"Mwambie marahaba," nilisema.

"Marahaba," alisema.

Nilimpa kiti, nikampa bugali na samaki. Mama alitoka nje akakaa na kazi yake, hakumsalimu wala hakumfukuza. Mume wangu alikula kidogo. Alisema ana watoto watatu kule, alisema shimo limeporomoka mwaka uliopita na kumwumiza bega, alisema kama nikikubali atamlipia binti shule. Nilisema hilo azungumze na binti mwenyewe, ameshakuwa na akili. Akasogeza sahani pembeni. Kisha akauliza, "Ulinichukia?"

"Nilikuchukia kwa muda mrefu," nilisema. "Sasa nina kazi nyingi."

Alitikisa kichwa kukubali. Alipoondoka binti alimsindikiza mpaka kwenye barabara kubwa, wakizungumza, yeye akisukuma pikipiki bila kuiwasha. Nilichukua ufagio, nikafagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa asubuhi, nikaenda mpaka kwenye ua, nikarudi.